Kibao cha Hatari na Vazi la Fundi

Katika nguzo nyingi za umeme za Tanzania kimepigiliwa kibao chenye fuvu la kichwa na neno moja: Hatari. Neno hili halihitaji mwalimu. Mtoto achungaye mbuzi kando ya barabara ya Nyakanazi hulielewa kabla hajajua kusoma, kwa kuwa fuvu humsomea. Kibao hufanya kazi yake vema: humwonya mpita njia asipande, asiguse, wala asifunge kamba ya kuanikia nguo. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kibao hiki hakimwambii lolote, naye ndiye aliyetumwa kupanda na kugusa. Kwake yeye hatari si habari, ni kazi. Anachotaka kujua ni kiasi cha hatari, umbali wake, muda wake, na nguo itakayomtosha. Na katika mambo hayo manne fuvu ni bubu.

Maneno yanayofuata yanamhusu mtu huyo katika wilaya mbili za kusini na magharibi mwa Mkoa wa Kagera, yaani Ngara na Biharamulo. Huko umeme umebadilika tabia upesi kuliko mikono ya watu ilivyobadili desturi ya kuushika.

Watu wengi hudhani kwamba umeme una njia moja tu ya kudhuru, nayo ni kumpiga amgusaye. Dhana hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Yako madhara ya pili ambayo hayangoji mguso. Spana ikidondoka kati ya vyuma viwili vyenye umeme, panya akiingia katika kabati la swichi, vumbi likilowa unyevu wa masika, au swichi ikifunguliwa wakati mzigo ungali unavuta, hewa iliyokuwa ukuta hugeuka kuwa njia. Umeme hupita hewani kwa nguvu zake zote. Moto unaozaliwa hapo waweza kufikia kadiri ya nyuzi 20,000 za Selsiasi, ilhali uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi. Shaba haiyeyuki tu, bali huwa mvuke, na mvuke huo hutaka nafasi iliyo makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya shaba yenyewe. Basi hutoka kwa kishindo, pamoja na mwanga wa kupofusha, matone ya chuma kilichoyeyuka na upepo wa kumwangusha mtu. Yote hayo huanza na aghalabu huisha kabla mtu hajawahi kugeuza shingo.

Moto huu una jina la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha mbele ya watu mwanga mkali kati ya vipande viwili vya makaa vilivyounganishwa na betri kubwa. Makaa yalipolazwa, hewa ya moto iliuinua mwanga ule katikati ukapinda kama upinde, ndipo ukaitwa tao. Jina hilo lafaa sana katika Kiswahili. Aliyeyaona matao ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani hana haja ya kuelezwa umbo lake, ingawa tao la Kilwa limesimama kwa karne nyingi na hili la umeme halidumu hata sekunde. Hapa litaitwa mwako wa tao, au mwako tu.

Ajabu ni kwamba mwako ulijulikana kwa miaka mia na zaidi bila kupimwa kwa upande wa mtu anayesimama mbele yake. Mwaka 1982 mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, alichapisha hesabu iliyoonyesha ni umbali gani ngozi ya binadamu yaweza kuokoka. Tangu hapo hatari hiyo ikapata kipimo: kalori kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kalori 1.2 ndiyo kizingiti ambapo ngozi isiyofunikwa huanza kupata malengelenge. Mwaka 2002 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni ya hesabu nambari 1584, kikaisahihisha mwaka 2018; na mwaka uo huo wa 2002 kanuni za umeme za Marekani zilianza kutaka kabati la swichi ambalo huenda likashughulikiwa likiwa hai lisikose onyo la mwako juu yake. Hayo ni ya mbali. Yanatajwa hapa kwa sababu vipimo vyake vimesafiri pamoja na mitambo, na mitambo imefika Ngara.

Ipo tofauti ambayo kila fundi ameisikia na si kila fundi anayeiheshimu: tofauti ya sakiti breka na isoleta. Sakiti breka imeumbwa kupigana. Ndani yake mna chumba ambamo tao hunyoshwa, hupozwa na kuzimwa. Isoleta haikuumbwa kwa vita. Ni mlango ulio wazi machoni pa watu, ambao visu vyake vikiinuka huonyesha kwamba njia imekatika, na mtu aweza kufanya kazi mbele yake akiwa na moyo mtulivu. Breka ni askari, isoleta ni shahidi. Shahidi akipelekwa vitani hufa, na aliyempeleka huumia pamoja naye. Isoleta ya kilovolti 33 ikifunguliwa wakati mkondo ungali unapita, tao huzaliwa kati ya visu na kufuata visu vinavyokwenda, hurefuka, hupeperushwa na upepo, na laweza kuufikia waya jirani. Hapo mambo ya swichi moja huwa mambo ya laini nzima.

Kwa sababu hiyo utaratibu hauna ubishi. Kwanza mzigo hupunguzwa, kisha breka hufunguliwa, kisha isoleta, kisha kufuli hutiwa ili mwingine asirudishe umeme kwa kutojua. Halafu hupimwa kama umeme kweli haupo, na chombo cha kupimia hujaribiwa kabla na baada, maana chombo kibovu husema hapana kwa kila swali. Mwisho waya huunganishwa na ardhi. Kurudisha ni kinyume chake. Haya yote fundi huyajua kwa moyo kama mwanafunzi wa chuo ajuavyo sura fupi. Kasoro huja saa kumi na mbili za jioni, mvua ikinyesha, simu ikilia, na mwenye mashine akisimama karibu na kuuliza kwa nini mambo yanachukua muda mrefu.

Na mashine yenyewe, kwa kuwa imetajwa, yafaa itazamwe. Katika vijiji vya Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Lusahunga mashine ya kusaga nafaka ndiyo mteja mkubwa wa umeme. Mota yake ni ya nyaya tatu. Swichi kuu yake imefungwa ukutani, imefunikwa kwa unga kama mwokaji, na ndani yake mna fyuzi. Fyuzi inapoungua mara mbili katika wiki moja, mwenye mashine huhesabu hasara, na fundi wa karibu, ambaye huenda hana leseni, hufunga waya wa shaba mahali pa fyuzi. Siku hiyo mashine hufanya kazi bila kinyongo, na watu humsifu fundi. Kumbe alichoondoa ni kikomo cha muda. Fyuzi iliyo sawa hukata shoti kubwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Waya wa shaba hungoja mpaka mlinzi mwingine, aliye mbali juu ya nguzo penye transfoma, aamke. Joto la mwako hukua kadiri muda unavyokua: mwako wa sekunde moja hutoa joto mara kumi ya mwako wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Waya ule wa shilingi chache umeyazidisha madhara mara kumi au ishirini, na hakuna anayeona, kwa sababu kabati limefungwa na unga umelifunika.

Sasa yafaa kueleza jinsi umeme wa wilaya hizi ulivyobadilika.

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulikuwa na riziki mbili. Upande wa kaskazini, Bukoba na jirani zake, ulipata umeme kutoka Uganda kwa njia ya kilovolti 132 itokayo Masaka mpaka Kyaka. Biharamulo na Ngara ziliachwa peke yake, kila mji na mitambo yake ya dizeli. Baadaye, kwa mpango uliosaidiwa na Uholanzi, Biharamulo, Ngara na Mpanda zilipata mitambo mipya ya dizeli ya megawati 2.5 kila mahali. Ilikuwa neema, lakini neema yenye pumzi fupi. Mafuta yalisafirishwa mamia ya kilomita, na gharama ya kila taa iliyowaka ilikuwa kubwa kuliko bei iliyolipwa na mwenye taa.

Kisha gridi ya Taifa ikafika. Njia ya kilovolti 220 ilivutwa kutoka Geita mpaka Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo, na hapo kikajengwa kituo cha kupoza umeme. Upande wa magharibi, penye mpaka wa Tanzania na Rwanda katika Wilaya ya Ngara, Mto Ruvubu huingia katika Mto Kagera muda mfupi kabla ya maporomoko ya Rusumo. Rwanda, Burundi na Tanzania zilishirikiana kujenga hapo mtambo wa megawati 80 wenye mashine tatu, ujenzi ukaanza mwaka 2017, na kufikia mwaka 2024 mashine zote zilikuwa zikifua umeme. Kila nchi ina sehemu yake sawa. Sehemu ya Tanzania hupita katika njia ya kilovolti 220 inayokaribia urefu wa kilomita 100 mpaka Nyakanazi iyo hiyo. Mahali palipojulikana kwa madereva wa malori, chai ya maziwa na nyama ya kuchoma, pamekuwa njia panda ya umeme pia.

Mtu wa mjini aonapo mabadiliko haya huona jambo moja: taa hazikatiki kama zamani. Fundi hana budi kuona la pili. Mtambo wa dizeli wa megawati 2.5 ni kisima. Shoti ikitokea, huweza kumwaga kwa ghafla mkondo ulio mara kadhaa ya kawaida yake, kisha hulemewa. Gridi ni mto. Nyuma ya Nyakanazi hausimami mtambo mmoja, bali mitambo yote ya nchi iliyoungana, na shoti ikiita, yote huitikia. Swichi ni ile ile, kabati ni lile lile, fundi ni yule yule na mkono wake ni ule ule. Lakini kilicho nyuma ya ukuta si kile cha zamani.

Walakini akili ya kawaida isiharakishe kusema kwamba mkondo ukiwa mkubwa basi hatari nayo lazima iwe kubwa. Mambo hayaendi hivyo daima, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri hukosea. Fyuzi huamshwa na mkondo. Mkondo mkubwa huiamsha upesi, mkondo mdogo huiamsha polepole. Wakati wa dizeli shoti iliyokuwa dhaifu iliweza kuwaka muda mrefu kabla fyuzi haijakata, na mwako mdogo unaodumu huunguza kuliko mwako mkubwa uliokatwa mara moja. Kwa hiyo baadhi ya swichi za Ngara zimekuwa kali zaidi tangu gridi ifike, baadhi hazikubadilika sana, na chache huenda zimepungua ukali kwa kuwa fyuzi zake sasa huwahi. Hakuna anayeweza kuzitenga kwa kuzitazama.

Chukua mfano wa transfoma ya kijijini ya kVA 200. Kwa volti 400 mkondo wake kamili ni amperi 289 hivi. Ikiwa ukinzani wake wa ndani ni asilimia 4, kama ulivyo katika transfoma nyingi za ukubwa huo, shoti mlangoni pake yaweza kuvuta kadiri ya amperi 7,200, hata kama gridi iliyo nyuma yake haina mwisho. Transfoma ndiyo kizuizi. Hujali kidogo tu kama anayeilisha ni kisima au mto. Basi mwenye mashine ya kusaga hana sababu kubwa ya kuihofu Rusumo. Sababu yake ya kuhofu ni waya wa shaba aliofungiwa. Lakini kadiri mtu anavyosogea kutoka kwa mteja kwenda kwenye asili ya umeme, katika swichi za kilovolti 33, katika kabati kuu la mji, katika milango ya kituo cha zamani cha dizeli kilichounganishwa na gridi, mto huanza kusikika. Hapo hesabu ya zamani haifai tena hata kwa kufungia vitumbua.

Haya ndiyo yanayokifanya kibandiko cha mwako kuwa jambo kubwa kuliko karatasi yake. Kanuni ya Marekani iitwayo NFPA 70E, ambayo nchi nyingi huifuata kwa hiari, hutaka kibandiko cha kabati kiseme mambo machache: volti za kabati, mpaka ambao asiyevaa kinga asiuvuke, na ama kiasi cha joto kwa umbali fulani wa kufanyia kazi, ama daraja la vazi linalotakiwa. Umbali huo kwa makabati ya volti ndogo huwekwa kuwa sentimita 45 hivi kutoka usoni na kifuani, kwa kuwa ndipo mtu asimamapo anapofanya kazi kwa mikono. Tena kanuni hiyo hutaka hesabu zitazamwe upya kwa muda usiozidi miaka 5, na kabla ya hapo ikiwa mambo yamebadilika. Miaka 5 ni busara kwa nchi ambayo umeme wake umetulia. Kwa Ngara na Biharamulo, ambako katika muda mfupi dizeli ilikwenda na gridi, kituo kipya na mtambo wa mto vikaja, kibandiko chaweza kuzeeka hata gundi yake haijakauka.

Kuna lugha pia. Kabati la swichi huja na maandishi ya mahali lilipotengenezwa: Kiingereza, Kichina, pengine Kijerumani. Fundi mwenye elimu ya chuo atajikongoja. Msaidizi wake, ambaye nyumbani husema Kihangaza au Kishubi na shuleni alisoma kwa Kiswahili, atatazama rangi nyekundu na kujua kwamba kuna hatari; yaani atajua lile lile aliloambiwa na fuvu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Ikiwa Kiswahili chaweza kubeba sheria, chaweza kubeba kibandiko. Wako wanaodai kwamba maneno hayatoshi. Dai hili limesikika kila mara jambo jipya lilipobisha hodi, na kila mara limeshindwa na watu wasiokuwa na muda wa kulibishia. Maneno haya hapa yanatosha: Mwako wa umeme. Volti 400. Usisogee karibu ya mita moja na nusu bila kinga. Joto kifuani, kwa sentimita 45: kalori 8 kwa sentimita ya mraba. Fyuzi inayolinda iko juu ya nguzo. Usiibadili kwa waya. Hesabu ya mwezi fulani, mwaka fulani. Nambari ni za mfano tu, maana kila kabati lina zake. Lakini hakuna neno hapo litakalomtoa jasho fundi wa Biharamulo. Sentensi ya fyuzi haimo katika vibandiko vya Marekani. Imo hapa kwa sababu nambari yote inaitegemea. Kibandiko ni ahadi iliyotolewa kwa niaba ya fyuzi, na fyuzi ikiondolewa ahadi inakuwa uongo ulioandikwa vizuri.

Kibandiko kikisha kusomwa, ndipo vazi huja.

Mavazi ya kumkinga mtu na mwako yamepangwa katika madaraja manne: la kalori 4, la 8, la 25 na la 40. Daraja la chini ni shati na suruali, au ovaroli, ya kitambaa kisichoendeleza moto, pamoja na ngao ya uso na glovu. Daraja la juu ni koti zito la matabaka, suruali yake, na kofia ya kufunika kichwa chote hata mabega, yenye dirisha la kuchungulia. Aliyevaa daraja la juu katika joto la adhuhuri ya Biharamulo hana raha, na yeyote anayemlaumu kwa kulivua hajalivaa. Hata hivyo vazi si ngao ya miujiza. Humpa mtu nafasi ya kutoka na malengelenge pale ambapo angetoka na mfupa. Upepo wa mlipuko haulizuii. Kwa hiyo wenye hekima huliweka mwisho wa orodha, baada ya kuzima.

Lakini mambo makubwa katika wilaya hizi hayamo katika vazi la kalori 40, ambalo ni wachache waliolishika. Yamo katika nguo ambazo mtu ameamka nazo. Ngara ni nchi ya vilima, na asubuhi yake ina baridi. Fundi huvaa koti la mtumba au jezi ya mpira chini ya ovaroli, na nguo hizo, nzuri na za bei nafuu, aghalabu zimefumwa kwa nailoni au poliesta. Pamba huungua ikawa majivu. Nailoni haiungui hivyo. Huyeyuka, hunata katika ngozi, na daktari hana budi kuibandua pamoja na ngozi. Fundi aweza kuvaa ovaroli njema juu na kubeba chini yake gundi ya moto. Fulana ya pamba ya shilingi elfu chache ni kinga kuliko koti la mtumba la jina kubwa.

Ajabu zaidi ni kizibao cha kung'aa. Vazi hili la rangi ya machungwa au ya ndimu, lenye mistari inayomeremeta, limekuwa alama ya usalama katika nchi nzima. Dereva wa bodaboda analo, mpima barabara analo, mgeni wa heshima azuruye kituo cha umeme huvishwa. Mbele ya magari ni vazi la maana sana. Mbele ya kabati la swichi, kizibao cha kawaida ni poliesta tupu, na mtu aliyekivaa kwa kujilinda amejifunga kuni kifuani. Vipo vizibao vya namna hiyo vilivyotengenezwa kwa kitambaa kisichoshika moto, lakini kwa macho tu ni vigumu kuvipambanua. Mwenye stoo asiyejua tofauti atanunua cha bei rahisi, na ataandika katika daftari kwamba mafundi wamepewa vifaa vya usalama. Na hatakuwa amesema uongo.

Kufua nako kuna siri. Jiki hudhoofisha baadhi ya vitambaa hivi. Dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaoshika moto. Na ovaroli iliyolowa dizeli, kama zilivyokuwa ovaroli za watu wa mitambo ya zamani, ni utambi.

Mikono ina mavazi mawili: glovu za mpira zinazozuia umeme, na juu yake glovu za ngozi zinazozuia moto na michubuko. Glovu ya mpira hujazwa hewa kila asubuhi na kusikilizwa kama inavuja. Jambo hili huchukua muda wa kukunja glovu na kuisogeza sikioni, nalo ndilo huachwa la kwanza.

Kisha kuna namna ya kusimama, isiyogharimu hata senti. Mlango wa kabati hufungwa kabla ya kuvuta mkono wa swichi. Mtu hasimami mbele ya mlango bali ubavuni. Uso hugeuzwa upande wa pili. Mkono hufanya tendo moja bila kusita, kwa kuwa swichi iliyovutwa nusu ndiyo mzazi wa tao. Wazee wa kazi hufanya hivi bila kueleza. Kijana akiuliza, "Shikamoo fundi, mbona unasimama pembeni?" hujibiwa, "Marahaba. Simama hapo hapo nyuma yangu, utaelewa." Jibu hili lina mapenzi lakini halina elimu, na kijana atakapofanya kazi peke yake hatajua kama mzee alikuwa anajikinga au anakwepa jua.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye ajira katika shirika ana mahali pa kudai. Fundi wa mtaani wa Nyakanazi, afungaye leo duka la vinywaji na kesho mashine ya mahindi, ni mwajiri na mwajiriwa katika mwili mmoja. Akijinyima ovaroli anajishtaki kwa nani? Kwake yeye bei ndiyo sheria. Pengine njia ya pekee ni vazi la kuazima, lililo mahali ambapo mafundi wenye leseni hufika kwa shughuli zao, likatolewa kwa saini kama kitabu cha maktaba. Kuna vijiji vilivyonunua turubai na viti vya msiba kwa mchango wa namna hiyo.

Umbali unalifanya jambo hili lisiwe mzaha. Aliyeungua Ngara atafikishwa Murgwanza, hospitali ya zamani ya Kanisa Anglikana, au hospitali nyingine ya wilaya. Hospitali ya Kanda ya Chato imekuja karibu kuliko ilivyokuwa zamani. Lakini kwa majeraha makubwa ya moto bado watu husafiri mpaka Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 300; na mpaka Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Kigongo-Busisi, gari la mgonjwa lilipofika Busisi lilikuta maji na kungoja kivuko. Daraja limeondoa kungoja. Kilomita zimebaki.

Katika kibandiko sehemu isiyogharimu kitu ni tarehe, nayo ndiyo huachwa mara nyingi. Bila tarehe nambari nane ni nane tu, na hakuna ajuaye ni nane ya kisima au ya mto. Ikiwapo, fundi aliyetumwa kufungua swichi katika kituo cha zamani cha dizeli ataisoma, ataona kwamba iliandikwa wakati ambapo gridi haijafika, na ataurudisha mkono wake. Atapiga simu Nyakanazi kuomba wazime kutoka kule. Wakimwambia angoje saa mbili, atakwenda kukaa garini, avue lile koti la mtumba huku akingoja.